Figo Katika Tone la Jasho

Zamani, kabla mashine za kusafisha damu hazijaenea hospitalini, daktari aliyeitwa kitandani kwa mgonjwa wa figo aliyefikia ukingoni aliweza kumkuta uso umefanya weupe. Paji la uso, pembe za pua, ndevu na shingo vilitapakaa vumbi jeupe, kama mtu aliyetoka kutwanga muhogo na unga bado umemganda. Vumbi lile lilikuwa yurea, takataka ambayo figo huitoa kwenye mkojo. Figo zilipokwisha kushindwa, yurea ilijaa kwenye damu, ikatokea kwenye ngozi pamoja na jasho. Jasho likakauka, fuwele zikabaki.

Hali hiyo sasa ni nadra, maana wengi huwahi dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, kabla ya kufika huko. Hata hivyo iliacha somo: mambo ya figo huonekana kwenye jasho. Ubaya ni kwamba yalionekana mwishoni kabisa, mgonjwa akiwa amebakiza siku za kuhesabu. Watafiti wa miaka hii wamegeuza swali. Je, jasho linaweza kusema mapema, wakati mwenye figo bado anatembea, anafanya kazi na hajui kama ana tatizo lolote? Katika vyuo vikuu kadhaa, hasa vya Marekani, wahandisi na wakemia wametengeneza vibandiko laini vinavyogandishwa kwenye mkono au mgongo, vikanywa jasho na kulipima palepale. Baadhi ya vibandiko hivyo vinapima yurea na kreatinini, vitu viwili ambavyo maabara za hospitali huvitafuta kwenye damu ili kujua hali ya figo.

Teknolojia imekwisha kupatikana. Kinachobishaniwa ni kama jasho lenyewe ni shahidi wa kuaminika.

Ugonjwa unaokuja kimyakimya

Figo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku na kuyarudisha karibu yote mwilini. Lita moja au mbili zinazosalia hutoka kama mkojo. Kazi hiyo inafanywa na nefroni, vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho, karibu milioni moja katika kila figo. Nefroni ikifa haioti nyingine. Zilizobaki hubeba mzigo wa zilizokufa, na hapo ndipo penye hadaa: mtu anaweza kupoteza nusu ya uwezo wa figo zake huku analima, anakula vizuri na kucheza ngoma harusini. Miguu ikija kuvimba, mwili ukawasha na chakula kikamchukiza, mara nyingi kilichosalia ni kidogo mno.

Kipimo kinachotegemewa na hospitali nyingi ni kreatinini, takataka inayotoka kwenye misuli. Mwaka 1886 mkemia Mjerumani Max Jaffe aliona kwamba kreatinini ikikutana na asidi ya pikiriki katika mchanganyiko wenye alkali, rangi hugeuka kuwa ya chungwa inayoelekea wekundu. Mbinu yake, iliyoboreshwa na kuingizwa kwenye mashine, ingali ikitumika katika maabara duniani kote. Lakini kreatinini ina udhaifu. Inaweza kubaki katika kiwango kinachoitwa cha kawaida mpaka figo zipoteze karibu nusu ya nguvu zake. Tena inafuata misuli: kuli wa bandarini mwenye kifua kipana na bibi mkondefu wa miaka sabini wanaweza kupewa namba ileile, ilhali figo za kuli ni nzima na za bibi zimechoka. Ndiyo maana siku hizi madaktari huingiza umri na jinsia kwenye hesabu kabla ya kutoa jibu.

Njia ya pili ni ya zamani zaidi. Mwaka 1827, Dk. Richard Bright wa Hospitali ya Guy's, London, aliandika kuhusu wagonjwa waliovimba mwili ambao mkojo wao uliganda ulipopashwa moto. Kifaa kilichohitajika ni kijiko na mshumaa. Mkojo wa kawaida huchemka tu. Wa wagonjwa wale ulifanya ukungu, kisha utando mweupe, kwa sababu figo zilizoharibika huacha protini iitwayo albumini ivuje kutoka kwenye damu. Baada ya vifo vyao Bright alipasua maiti na kukuta figo zimesinyaa au zimebadilika. Leo kazi ya kijiko kile inafanywa na kijiti cha karatasi kinachochovywa kwenye mkojo na kubadilika rangi katika dakika moja au mbili, na maabara zinaweza kugundua uvujaji mdogo sana ambao mshumaa wa Bright usingeuona kamwe.

Vipimo vipo, basi. Wapimwaji ndio hawafiki. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 850 duniani wana ugonjwa wa figo wa aina moja au nyingine. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa majumbani katika eneo la Moshi, kaskazini mwa Tanzania: asilimia 7 ya watu wazima walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini ilikuwa asilimia 15.2, vijijini 2.0. Kati ya waliokutwa nao, ni kama mmoja tu katika kila kumi aliyekuwa akijua kwamba anaumwa.

Kuchelewa kuna bei yake. Mgonjwa ambaye figo zimekufa hulazwa kwenye mashine kwa saa nne hivi, mara tatu kwa wiki, maisha yake yote, au apate figo ya mtu mwingine. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2017. Akigunduliwa mapema, mgonjwa huyo huyo angeweza kutuliza presha, kudhibiti sukari, kuacha dawa za maumivu zinazounguza figo na kumeza vidonge vinavyopunguza uvujaji wa protini, na pengine asiione mashine ile kamwe. Kwa hiyo kifaa kisichohitaji sindano, maabara wala chupa ya mkojo kina mvuto mkubwa.

Joto la New York, 1948

Wanaotetea jasho wana hoja ya kihistoria. Katika kiangazi cha mwaka 1948 jiji la New York lilikumbwa na joto kali, na Hospitali ya Watoto iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Columbia ikapokea watoto walioishiwa nguvu kwa kupungukiwa maji. Madaktari waligundua kwamba wengi wao walikuwa na ugonjwa mmoja wa kurithi, ule unaojaza kamasi nzito kwenye mapafu na kuvuruga kongosho. Daktari mmojawapo, Paul di Sant'Agnese, hakuliacha jambo hilo lipite. Mwaka 1953 yeye na wenzake walitangaza kwamba jasho la watoto hao lina chumvi nyingi kupita kiasi. Mwaka 1959 Lewis Gibson na Robert Cooke wakatoa mbinu ya kulitoa jasho hilo bila kumtesa mtoto: dawa ya pilokapini husukumwa kwenye ngozi ya mkono kwa umeme mdogo, tezi zinaamka, jasho linakusanywa. Kloraidi ikifika milimoli 60 kwa lita au zaidi, daktari ana jibu.

Kipimo hicho kimeishi zaidi ya miaka sitini na bado ndicho cha kutegemewa kwa ugonjwa ule. Kinathibitisha kwamba matone machache ya jasho yanaweza kubeba uamuzi mzito wa kitabibu.

Ila kuna tofauti ambayo mara nyingi hurukwa. Katika ugonjwa wa watoto wale, hitilafu imo ndani ya tezi ya jasho yenyewe: mlango wa kloraidi kwenye kuta za mfereji wa tezi haufanyi kazi. Anayepima jasho lao anapima kitu kilichoharibika moja kwa moja. Figo ziko mbali na ngozi. Habari zake lazima zisafiri kwenye damu, zivuke kuta za mishipa, ziingie kwenye tezi na kutoka nje, na kila kituo kinaweza kuzibadilisha. Mafanikio ya mwaka 1959 hayawezi kuhamishiwa kwenye figo bila ushahidi mpya.

Ndani ya kibandiko

Mtu anayekishika kibandiko cha aina hii kwa mara ya kwanza hushangaa kuona jinsi kilivyo kidogo. Ni kiduara cha silikoni laini, kipana kupita sarafu kidogo, kinachopindika pamoja na ngozi. Upande wa chini una gundi salama na tundu dogo. Jasho likitoka kwenye vinyweleo, tezi zenyewe hulisukuma liingie kwenye tundu hilo. Hakuna pampu wala betri. Ndani mna mifereji myembamba inayozunguka, na kando ya mifereji kuna vyumba vidogo vyenye kemikali kavu. Chumba kimoja kikijaa jasho huenda cha pili, na kila kimoja hubadilika rangi kulingana na kilichomo. Mvaaji hupiga picha kwa simu, programu ikalinganisha rangi na kutoa namba.

Kazi hiyo imeongozwa kwa sehemu kubwa na mtafiti wa Marekani John Rogers na wenzake. Mwaka 2016 walichapisha matokeo ya kibandiko kilichopima kloraidi, lakteti, glukosi na kiwango cha asidi, wakiwa wamekijaribu hata kwa waendesha baiskeli wa mashindano ya El Tour de Tucson, Arizona. Miaka mitano baadaye kizazi chake kiliingia madukani Marekani kwa jina la Gx Sweat Patch, kikiuzwa na kampuni ya vinywaji ya Gatorade kwa wanamichezo wanaotaka kujua maji na chumvi wanayopoteza.

Hatua iliyogusa figo ilikuja mwaka 2019, kundi hilo, likiwa Chuo Kikuu cha Northwestern, lilipochapisha kibandiko cha kupima kreatinini na yurea. Kwa yurea kinatumika kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho huivunja yurea ikawa amonia na kaboni dayoksaidi. Amonia hupunguza ukali wa asidi, na rangi iliyowekwa chumbani hugeuka. Yurease ina historia yake. Mwaka 1926 mkemia James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell aliikamua kutoka katika aina ya maharage makubwa meupe na kuigeuza fuwele, kimeng'enya cha kwanza kabisa kupatikana katika hali hiyo. Wakubwa wa sayansi walimbishia kwa miaka. Sumner alifanya yote kwa mkono mmoja, kwani ule mwingine aliupoteza kwa risasi alipokuwa kijana mawindoni. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1946.

Kreatinini ni ngumu zaidi. Inahitaji vimeng'enya kadhaa vikipokezana, kimoja kikianza pale mwenzake alipoishia, mpaka mwishoni itokee peroksaidi ya hidrojeni inayoamsha rangi. Kimoja kikichoka kwa joto au kukaa ghalani muda mrefu, mnyororo mzima unakatika.

Lililokuwa jipya zaidi katika kazi ya 2019 ni namna ya kulipata jasho. Mwanariadha ataambiwa apande baiskeli. Mzee mwenye magoti mabovu au mtoto mchanga je? Watafiti walitumia maji ya moto tu: mtu anaoga akiwa amevaa kibandiko, joto linaziamsha tezi zilizo chini yake, na gundi inayazuia maji ya bafuni yasiingie. Hakuna dawa, hakuna mazoezi.

Upande mwingine wako wanaotumia umeme badala ya rangi. Mwaka 2016, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Wei Gao na Ali Javey pamoja na wenzao walionyesha ukanda wa kuvaliwa unaopima kwa pamoja sodiamu, potasiamu, glukosi, lakteti na joto la ngozi, na kupeleka namba hizo kwenye simu papo hapo. Gao alihamia chuo cha Caltech, na mwaka 2020 kundi lake likatangaza kihisi kilichochorwa kwa leza, kinachopima asidi ya yuriki kwenye jasho. Walikijaribu kwa watu wazima wenye afya na kwa wagonjwa wa jongo. Asidi hiyo nayo inahusu figo, kwani sehemu yake kubwa hutolewa kwa mkojo.

Jasho si damu

Hapa ndipo panapogomba. Ili kibandiko kiseme kweli kuhusu figo, kiwango cha kitu kwenye jasho lazima kifuatane na kiwango chake kwenye damu. Kwa baadhi ya vitu kinafuatana kwa kiasi. Kwa vingine hakifuatani.

Yurea ndiyo yenye matumaini zaidi. Ni molekuli ndogo inayopenya kuta za seli kwa urahisi, na wagonjwa ambao figo zimeshindwa hutoa jasho lenye yurea nyingi kuliko watu wazima wa afya. Watafiti wa Mosul, Iraq, walichapisha vipimo vya namna hiyo mwaka 1997. Lakini vipimo vilivyofanywa Taiwan kwa watu wenye afya vilikuta yurea ya jasho ni mara kadhaa ya ile ya damu. Hiyo maana yake ni kwamba ngozi inaongeza cha kwake, au maji yanarudishwa ndani yurea ikabaki. Kwa vyovyote, namba ya jasho haiwezi kusomwa kana kwamba ni ya damu. Tena yurea hupanda kwa sababu zisizo za figo: mlo wa nyama nyingi, kupungukiwa maji, homa.

Kreatinini ina tatizo la kinyume. Kwenye jasho ni kidogo sana, sehemu ndogo tu ya iliyomo kwenye damu, na kosa dogo la kipimo linatosha kumfanya mzima aonekane mgonjwa, au mgonjwa aonekane mzima.

Halafu kuna kasi. Mwili una tezi za jasho kati ya milioni mbili na nne, na mtu aliyetulia kivulini hutoa jasho dogo mno, matone yasiyotosha kujaza mfereji. Akianza kukimbia, jasho linatoka kwa wingi na mchanganyiko wake unabadilika: tezi haipati muda wa kurudisha sodiamu ndani, chumvi inapanda, vitu vingine vinapungua. Mtu mmoja, siku moja, figo zilezile, anaweza kutoa namba tofauti asubuhi na mchana. Kihisi kizuri hakina budi kupima na kasi ya jasho pia, kisha kurekebisha hesabu.

Na wagonjwa wenyewe? Waliofikia hatua za juu za ugonjwa wa figo mara nyingi wana ngozi kavu inayowasha, na tezi zao za jasho husinyaa. Wale ambao kibandiko kingewaona kwa urahisi zaidi ndio wanaokinyima jasho.

Jasho lina washindani pia. Mate hupatikana bila joto wala baiskeli. Huko Blantyre, Malawi, katika Hospitali ya Queen Elizabeth, watafiti walijaribu kijiti kinachopima yurea ya mate kwa wagonjwa waliolazwa, wakakiona kuwa kinaweza kusaidia kuwatambua wenye figo zilizodhurika pale ambapo maabara ni ya kusuasua. Na mkojo, kama alivyoonyesha Bright, unabeba albumini, dalili inayoonekana mapema kabla kreatinini ya damu haijapanda. Mtu anayeuza kibandiko cha jasho kwa ajili ya kumpima mgonjwa wa kisukari mara moja kwa mwaka anashindana na kijiti cha karatasi cha bei ndogo, na mpaka sasa kijiti kinashinda.

Mashamba ya miwa

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo jasho ni jingi na ugonjwa wa figo ni janga.

Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador waliripoti jambo lisiloeleweka. Wagonjwa wapya wa figo waliokuwa wakifika hospitali ya Rosales, jijini San Salvador, wengi hawakuwa na kisukari wala presha. Walikuwa wanaume, aghalabu vibarua wa mashamba ya nyanda za chini za pwani. Hali ileile ilionekana nchini Nicaragua, hasa Chichigalpa, mji unaozungukwa na mashamba ya miwa. Kitongoji kimoja cha huko, La Isla, kimepewa jina la Kisiwa cha Wajane. Wanaume wa miaka ishirini na thelathini na kitu walikuwa wakifa kwa figo. Mkojo wao haukuwa na albumini nyingi, hivyo kijiti cha karatasi hakikuwaona vizuri. Madhara yalikuwa zaidi kwenye mirija ya figo kuliko kwenye vichujio.

Magonjwa yanayofanana na huo yametokea kwa wakulima wa Mkoa wa Kaskazini ya Kati, Sri Lanka, na wa Uddanam, jimbo la Andhra Pradesh, India. Sababu bado zinajadiliwa, dawa za mashambani zikiwamo. Kwa Amerika ya Kati ushahidi mwingi umeelekea kwenye joto na kazi nzito: mkata miwa anapiga panga tangu alfajiri, kwenye shamba lililochomwa moto jana yake, akilipwa kwa tani. Kupumzika ni kupunguza mshahara. Damu inakuwa nzito, misuli inavunjika, figo zinajeruhiwa kidogo leo, kidogo kesho, msimu baada ya msimu.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu milioni 26.2 wanaishi na ugonjwa sugu wa figo unaotokana na joto la kazini. Madaktari wa Nepal wamewapokea vijana waliorudi kutoka kazini Ghuba figo zao zikiwa zimekufa. Ni Ghuba hiyohiyo wanakokwenda vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania kuchimba misingi, kulinda mageti na kusafisha barabara. Serikali za huko zimeanza kuzuia kazi za nje nyakati za jua kali. Qatar inakataza kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, tangu Juni mosi hadi Septemba 15. Oman nayo ina marufuku ya adhuhuri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti.

Hapa kibandiko kina kazi ambayo mkojo na damu haviwezi. Hakihitaji kusubiri figo ziharibike ndipo kiseme. Kinaweza kumwambia mfanyakazi, saa 5 asubuhi akiwa kazini, amepoteza maji kiasi gani na chumvi kiasi gani, na anywe nini. Kampuni ya Epicore Biosystems, iliyochipuka kutoka maabara ya Rogers, tayari inauza vifaa vya namna hiyo kwa wafanyakazi wa viwandani wanaokaa kwenye joto. Vinapima kinachoumiza figo, jambo ambalo jasho linalijua kwa hakika, na kuacha pembeni hali ya figo zenyewe, ambayo jasho linaibahatisha.

Dawa yenyewe imekwisha kujaribiwa bila kihisi chochote. Mwaka 2015, katika shamba moja la miwa El Salvador, mpango uliosimamiwa na shirika la La Isla Network na washirika wake uliwapa wakataji maji ya kubeba mgongoni, mahema ya kivuli, ratiba ya mapumziko na panga lililoboreshwa. Wamiliki waliogopa uzalishaji utashuka. Ukapanda: wastani wa miwa iliyokatwa na mtu mmoja kwa siku ulitoka tani 5.1 hadi 7.3.

Namba hizo ni za nani?

Nicaragua inatoa pia onyo. Kwa miaka mingi viwanda vya sukari huko vimekuwa vikiwapima vibarua kreatinini kabla ya msimu. Aliyepatikana na kiwango cha juu haajiriwi. Kitabibu ina mantiki, kwani shamba lingemmaliza. Lakini katika mji ambao miwa ndiyo ajira, kukataliwa ni njaa, na baadhi ya waliokataliwa wamerudi shambani kupitia kwa mawakala, kwa vitambulisho vya ndugu na marafiki, wakakata miwa wakiwa wagonjwa na bila majina yao.

Kibandiko kinachopeleka namba kwa msimamizi kila dakika kinaweza kuleta yaleyale kwa haraka zaidi. Msimamizi ataona nani anatoka jasho kupita kiasi, nani anachoka mapema, nani amerejea na yurea iliyopanda. Kile cha rangi kina heshima moja ambayo cha umeme hakina: rangi huonekana kwanza kwenye mkono wa mwenye mkono. Anaweza kuisoma mwenyewe, akakaa kivulini, akanywa maji, bila taarifa yake kupita kwenye simu ya mtu mwingine. Kazi ya kukata miwa inafanywa pia Kilombero, Arusha Chini na magharibi mwa Kenya, na vyama vya wafanyakazi huko vingekuwa na la kusema kabla kifaa cha kwanza hakijafunguliwa kwenye boksi.

Kwa upande wa kugundua ugonjwa wenyewe, kinachohitajika kinajulikana: mamia ya watu, wazima na wagonjwa wa kila hatua, wavae vibandiko kwa miaka, huku damu na mkojo wao vikipimwa sambamba, ili ionekane kama jasho liliona kitu ambacho vingine havikukiona, au lilikiona mapema zaidi. Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kwanza la afya ya figo, likizitaka nchi wanachama ziyape magonjwa hayo nafasi katika mipango yao, na uchunguzi wa mapema ni sehemu yake.

Wakati utafiti huo ukisubiriwa, mwenye kisukari au presha anayefika kliniki ya Moshi, Kisumu au Bujumbura ana vipimo viwili vya kuomba walau mara moja kwa mwaka: kreatinini ya damu, na albumini ya mkojo ikilinganishwa na kreatinini ya mkojo huohuo. Hicho cha pili kikifika miligramu 30 kwa kila gramu na kubaki hapo kwa miezi mitatu, daktari anaweza kuanza matibabu ya figo hata kama kipimo cha damu bado kinaonekana kizuri.